Msitufundishe kutembea, tujengeeni njia

Wiki mbili zimepita tangu mgeni mmoja alipokaa mbele ya kipaza sauti chetu akasema neno ambalo wengi wenu mmenipigia simu juu yake. Tulikuwa tunazungumzia ajali za barabarani hapa Kamalondo. Mgeni wetu ni mtu mwenye cheo. Jina lake silitaji, kwa sababu neno lile si lake peke yake, nimelisikia kwa wakubwa wengi kabla yake. Alisema: tatizo la Kamalondo ni kwamba watu hawajui kutembea barabarani. Wafundishwe. Watoto wafundishwe masomoni, wamama wafundishwe sokoni, na wale wageni waliokuja juzi kutoka vijijini wafundishwe kuliko wote.

Nilimwacha amalize, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lakini leo hakuna saa ya ukutani inayonikimbiza, basi nimjibu.

Siku tatu kabla ya kipindi kile, mama mmoja aliyekimbia upande wa Mitwaba alikuwa anarudi nyumbani na binti yake wa miaka tisa. Walipanda basi ndogo, Hiace kama zile tunazopanda sote. Basi ilipofika kwetu haikuweza kusogea pembeni, kwa sababu pembeni kuna kanivo iliyo wazi, na kando ya kanivo kuna meza za wauza unite za simu. Dereva akasimama pale pale katikati ya njia. Kijana anayepokea pesa akavuta mlango. Mtoto akaruka chini kwanza. Pikipiki iliyokuwa inapita kushoto mwa basi ikamkuta. Mguu umevunjika mahali pawili. Mungu ni mkubwa, mtoto yuko hai.

Mama yake aliniambia, na ninaandika kama alivyosema: "Mi minashuka paka pale bus inasimamaka. Mulango iko upande ile. Ningeshukia wapi?"

Someni tena swali hilo. Angeshukia wapi? Mgeni wetu mwenye cheo hakuwa na jibu lake, kwa sababu hakuuliza swali lake. Yeye aliuliza kama mtoto aliangalia kushoto na kuume. Lakini mtoto alitoka kwenye mlango uliofunguka katikati ya barabara. Hata profesa wa chuo kikuu, akishuka kwenye mlango ule, anashuka mbele ya pikipiki.

Tueleze vizuri jambo hili la mlango, kwa ajili ya wale walio wapya hapa. Kongo tunaendesha upande wa kuume. Lakini mabasi mengi ya Lubumbashi yametengenezwa Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto, na yanatufikia kupitia Dar es Salaam na Zambia. Usukani wake uko kuume, na mlango wa abiria uko kushoto. Kule Japani, mlango ule unafunguka juu ya trotwari, mtu anashuka salama. Hapa kwetu unafunguka mahali magari na pikipiki zinapopita. Wengine wanapeleka gari gareji, wanahamisha usukani kuja kushoto, na mlango unabaki pale pale. Serikali ya Kinshasa imekataza zaidi ya mara moja kuingiza magari ya namna hiyo, na kila mara watu wa huku wamelia, kwa sababu ndiyo magari ambayo mfuko wao unaweza. Mimi sisemi tuyachome. Sisemi dereva anyimwe mkate wake. Ninasema kwamba tunajua mlango uko wapi. Tumejua miaka mingi. Kama tunajua, mbona hakuna kituo hata kimoja katika njia zetu kilichojengwa kwa kukumbuka mlango ule?

Hilo ndilo neno langu lote la leo. Mtu anakosea, na atakosea siku zote: mtoto atakimbilia mpira, mama atachoka, mlevi atayumba, dereva atasinzia. Njia iliyojengwa vizuri inajua kwamba mtu atakosea, na inamhurumia. Njia iliyojengwa vibaya inamngojea akosee imuue, halafu wakubwa wanakuja kwenye radio kusema marehemu hakufundishwa.

Tuone sasa njia za Kamalondo zilijengwa kwa ajili ya nani. Wazee wetu wanajua. Mji huu ulianza mwaka 1910, wakati reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Élisabethville. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wabelgiji wakatenga sehemu ya kukaa watu weusi, ikaitwa Albert. Ndiyo Kamalondo ya leo, mama wa mitaa mingine yote ya watu weusi katika mji huu. Kati ya Albert na mji wa wazungu wakaacha uwanja mtupu, zaidi ya nusu kilomita, wakisema mbu wa weusi asiweze kuruka hadi kwa wazungu. Mbu hakuweza, walisema. Lakini mtu alitakiwa aweze: kila asubuhi avuke uwanja ule kwa miguu kwenda kupika, kufua, kujenga, kusukuma mabehewa, na jioni avuke tena kurudi, kwa sababu usiku hakuruhusiwa kuonekana mjini. Mzee mmoja wa avenue yetu huwa ananiambia: "Shi bote tulikuwa bantu ba mikulu." Sisi sote tulikuwa watu wa miguu.

Basi mtaa huu ulizaliwa na watu wa miguu. Na leo, amkeni saa kumi na mbili asubuhi mkae mlangoni pa lupango lenu, muone nani anapita. Watoto wenye mashati meupe. Wamama wenye beseni kichwani, mikate, mboga, samaki. Mtu anasukuma baiskeli, kinga kama tunavyosema hapa, imebeba magunia ya makala mpaka yeye mwenyewe haonekani, anatoka kijijini tangu usiku. Kijana anavuta pusu-pusu yenye mifuko ya unga. Baba mwenye ulemavu anazungusha kwa mikono baiskeli yake ya magurudumu matatu. Bibi anakwenda hospitali ya Sendwe polepole na fimbo. Kisha pikipiki za taksi. Kisha mabasi. Na mwisho kabisa magari ya watu binafsi, mtu mmoja ndani, madirisha yamefungwa.

Sasa angalieni nafasi zimegawanywa vipi. Katikati yote, ile yenye lami, ni ya magari. Waliobaki, yaani karibu sisi sote, tumeachiwa ukingo: vumbi wakati wa jua, matope wakati wa mvua, na kanivo isiyo na kifuniko wakati wote. Ukingo wenyewe una gari lililoegeshwa, una rundo la mchanga la mwenye kujenga, una kibanda, una takataka zilizotolewa kwenye kanivo zikaachwa hapo hapo zingojee mvua izirudishe. Mtu wa miguu afanye nini? Anashuka kwenye lami. Akishuka kwenye lami, anaitwa mtu asiyejua kutembea.

Ninyi mliotoka Goma mnafahamu ninachosema. Kule kwenu chukudu inabeba mji mzima: viazi, mbao, maji, makala. Mji ukaisimamishia hata sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini sanamu si njia. Mwenye chukudu wa kweli bado anashindana na lori kwenye mteremko. Tunajua sana kumsifu mtu anayefanya kazi kwa jasho. Kumwachia mita mbili za barabara, hapo tunashindwa.

Wanaotetea hali hii wana hoja tatu, na sitaki kuzikimbia.

Hoja ya kwanza: watu hawafuati sheria. Ni kweli, wengi hatuifuati. Sheria ya barabara tunayotumia ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na ninaamini wengi wa wanaotupigia honi hawajaifungua maisha yao yote. Lakini fikirieni jambo moja la hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, hata akiwa mwepesi, sekunde moja inapita kabla mguu wake haujagusa freni. Pimeni mita 17 uwanjani kwenu. Kwa umbali huo wote gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Likienda kilomita 30 linapita mita 8 na kidogo tu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 mahali watu na magari wanapochangamana, na nchi nyingi zilikubaliana hivyo Stockholm mwezi wa pili mwaka 2020. Shirika hilo hilo linasema karibu watu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani, zaidi ya nusu yao ni watu wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa unaoua kuliko barabara. Mnaweza kumfundisha mtoto nyimbo zote za usalama. Hamwezi kumfundisha kusimamisha gari kwa mwili wake.

Na kibao cha 30 peke yake hakitoshi. Dereva hasomi kibao, anasoma barabara. Barabara pana iliyonyooka inamwambia kimbia. Dodane inamwambia pole. Ukingo wa saruji uliosogezwa ndani kwenye njia panda unamwambia pinda taratibu. Mvukio ulioinuliwa sawa na trotwari unamwambia hapa watu ndio wenyeji. Hayo ni mafundisho pia. Kama wakubwa wanapenda sana kufundisha, waanze na kumfundisha dereva kwa saruji.

Hoja ya pili: wauzaji ndio wanaziba njia, wafukuzwe. Tumeona wakifukuzwa mara ngapi? Meza zinavunjwa asubuhi, bidhaa zinachukuliwa, na wiki inayofuata mama yuko pale pale, kwa sababu watoto wake wanakula bukari kila siku, hata wiki ya kufukuzwa. Tena mara nyingi nafasi aliyoondolewa hapewi mtu wa miguu, anakuja kuegesha gari mtu mwingine. Mimi sitetei meza iliyowekwa juu ya mvukio. Ninasema muuzaji anafuata miguu ya watu kama nyuki anavyofuata ua, na anayechora njia bila kumhesabu muuzaji amechora njia ya mji mwingine. Pigeni mstari: hapa pa kutembea, hapa pa kuuzia, hapa basi inasimama. Mama akipewa mita yake moja na nusu kwa haki, na risiti ya kweli ya kodi anayolipa, atakuwa wa kwanza kumfokea atakayeziba njia.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoipenda zaidi: hakuna pesa. Hapa ninaomba tuheshimiane. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina mfuko wa kutunza barabara, FONER, na mfuko huo unakula kwenye mafuta ya gari. Kila anayelipa nauli ya basi au ya pikipiki analipia mafuta hayo, kwa hiyo analipia barabara. Mama anayelipa nauli kupeleka beseni mbili za samaki amechangia lami. Anayo haki ya kuuliza fungu lake liko wapi. Mwaka huo huo wa 2008 sheria ya ugatuzi iliiwekea komini jukumu la kutunza njia zake na mifereji yake. Na zile lori za shaba na kobalti zinazopita jimbo hili usiku na mchana kwenda Kasumbalesa zinalipa barabarani pia. Jimbo linalolisha dunia kwa shaba haliwezi kukosa kifuniko cha kanivo.

Tena vitu ninavyoomba si vya bei ya uwanja wa ndege. Niwape mfano wa ndugu zetu. Dar es Salaam, shirika moja linaloitwa Amend lilianza kuzunguka kwenye shule za msingi ambako watoto wengi walikuwa wanagongwa. Hawakujenga madaraja makubwa. Walitazama watoto wanapita wapi kweli, wakatengeneza njia ya miguu mahali pale pale, wakaweka matuta, mistari ya kuvukia, vibao, vizuizi vya kutenga watoto na magari, na pengine wakafungua geti jipya la shule upande usio na barabara kubwa. Wakapima kabla na baada: watoto wanaoumia wakapungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo kubwa ya dunia. Kazi ya namna hiyo imefika hata Lusaka, ambako wafanyabiashara wetu wanakwenda kununua bidhaa. Kama bidhaa zinapita Kasumbalesa, mawazo nayo yanaweza kupita, hata forodha hayalipi.

Na kuna mfano wa kutuonya. Kenya walijenga barabara kuu ya Thika kutoka Nairobi, njia nane, ikafunguliwa Novemba 2012 kwa sherehe kubwa. Gari lilipata raha. Lakini watu waliokaa pande mbili za barabara ile walijikuta kama wamekatwa na mto. Madaraja ya miguu yalikuwa machache na mbali, wakawa wanavuka njia nane wakikimbia, na wengi walikufa. Kuongeza madaraja baada ya vifo ni kununua mwavuli baada ya kulowa. Ninaandika hili kwa sababu kila mwaka wa uchaguzi tunaahidiwa barabara, na kila mara tunapiga makofi tukisikia neno lami bila kuuliza: lami ya nani? Njia ikitiwa lami bila trotwari na bila dodane, kwa mtoto imekuwa mbaya kuliko ilipokuwa na mashimo. Shimo lilikuwa polisi wetu wa bure.

Mtaniambia Kinshasa waliweka roboti za kuongoza magari, zilizoundwa na injinia Thérèse Izay Kirongozi mwaka 2013. Ninamheshimu mama yule, ni akili ya Kongo, na roboti ile ilikuwa na jambo moja zuri: ilisimamisha magari ili watu wavuke, na haikuomba hongo. Lakini roboti inasimama penye njia kuu. Huku ndani ya kartie, penye shule na kisima na kanisa, hakuna roboti wala polisi wa rulaji. Huku kinachoweza kutulinda saa ishirini na nne ni umbo la njia yenyewe.

Msiseme pia kwamba Kamalondo haiwezi kuwapa watu barabara. Tunafanya hivyo kila Mazembe wanapocheza nyumbani. Uwanja uko hapa kwetu tangu 2011, unachukua watu kama 18,500. Tarehe 8 Novemba 2015, siku ya kuifunga USM Alger na kuchukua kombe la Afrika kwa mara ya tano, nani alithubutu kukimbiza gari katika njia hizi? Njia zilikuwa za miguu. Gari lilikwenda kwa mwendo wa mtu, dereva akitabasamu. Kama tunaweza kwa ajili ya mpira, tunaweza kwa ajili ya saa moja ya asubuhi, watoto wanapokwenda masomoni.

Basi ninaomba nini? Mambo matano, na ninayaandika wazi ili asitokee mtu kusema mwandishi analalamika tu.

Kwanza, kanivo zote zifunikwe kwa vibamba vya saruji, kuanzia penye shule, penye soko, na kwenye njia ziendazo hospitali. Kifuniko cha kanivo ni trotwari pia: kazi moja inatoa vitu viwili. Vibamba viwe vya kuinuka, ili tuweze kusafisha.

Pili, vituo vya basi vichimbwe pembeni, basi itoke kabisa njiani, na kati ya kituo na njia pawekwe ukingo wa saruji, ili pikipiki isiweze kupita penye mlango. Tukijenga kwa kukumbuka mlango wa kushoto leo, mlango wa kuume wa kesho utafaa vilevile.

Tatu, kila shule iwe na dodane mbili na mvukio ulioinuliwa. Rangi peke yake haitoshi, mvua mbili inafutika.

Nne, kila mahali trotwari inapokutana na njia, paachwe mteremko kwa ajili ya baiskeli ya mlemavu, fimbo ya bibi na pusu-pusu. Nchi yetu imeweka sheria ya haki za watu wenye ulemavu tarehe 3 Mei 2022. Ngazi ya sentimita thelathini inaivunja sheria ile kila asubuhi.

Tano, malori makubwa yasipite ndani ya mitaa ya watu. Mwezi wa pili mwaka 2019 lori la asidi lilipata ajali Kabwe, karibu na Tenke, kwenye njia ya Kolwezi. Watu zaidi ya kumi na tano walikufa, na wengine walichomwa na kitu ambacho hawakujua hata jina lake. Tusingoje kujifunza somo hilo katikati ya Lubumbashi.

Nitakuwa mnafiki nisipotugeukia sisi wenyewe. Nani anasogeza ukuta wa lupango mita moja mbele usiku? Sisi. Nani anatupa mifuko na maganda katika kanivo, halafu analaani mafuriko? Sisi. Nani anamhimiza mwenye pikipiki apite upande usio wake kwa sababu amechelewa? Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, na ninaona haya kuandika. Siku ya salongo, tukizibua kanivo, tusiache takataka kwenye ukingo. Na wenye pikipiki, wadogo zangu, ninajua mnatafuta chakula. Basi ikisimama, punguzeni. Mlango ule unaweza kumshusha mtoto wa dada yenu.

Sasa neno kwa familia zilizokimbia vita. Mliotoka Mitwaba, Pweto na Manono, mliotoka Moba, na ninyi mliofika kupitia Kalemie tangu Goma ianguke Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Nimewasikia mkiniambia nje ya kipindi: sisi ni wageni, hatuwezi kusema. Mgeni wetu mwenye cheo alisema ninyi ndio msiojua kutembea. Lakini kuna aliyetembea kuliko ninyi? Mmetembea msituni usiku na watoto mgongoni. Mmepita mito. Hamkushindwa na njia za vita, halafu mtoto wenu anavunjwa mguu kwenye njia ya mji wenye amani, anaambiwa ni kosa lake. Hapana. Aliyekimbia hana gari. Aliyekimbia anakaa mbali na kazi, anatembea zaidi kuliko wote, anauza pembeni ya njia zaidi kuliko wote. Kwa hiyo njia mbaya inamla yeye kwanza. Njooni kwenye mikutano ya kartie. Semeni mahali mnapovukia na mahali mnapoogopa. Mwenyeji anajua njia ilivyokuwa, lakini anayeitembea kila siku ndiye anayejua ilivyo.

Na kwako, mheshimiwa mgeni wetu, sina ugomvi nawe. Ninakupa mwaliko. Chagua asubuhi moja ya wiki, acha gari nyumbani. Tukutane saa kumi na mbili na nusu. Nitakuletea beseni, si nzito, kilo kumi tu za mikate, uweke kichwani. Shika mkono wa mtoto mmoja. Tutatembea kutoka hapa hadi soko la Kenya na kurudi, kwenye ukingo, ukifuata sheria yote uliyotaka tufundishwe. Nitachukua kinasa sauti changu. Ukifika bila kushuka kwenye lami hata mara moja, nitakuomba radhi hewani, mbele ya watu wote.

Binti yule yuko nyumbani sasa, mguu umefungwa plasta. Mama yake bado ana deni la hospitali. Nilipokwenda kumwona aliniuliza kama atarudi masomoni kwa basi au kwa miguu. Nilishindwa kumwambia ipi ni salama. Jibu lake haliko kwangu. Liko kwa wale wenye saruji.

Kutoka Kamalondo, ni mimi mwandishi wenu. Tembeeni salama, na wenye magari, punguzeni mwendo.